Kusomewa mkataba kwa wakili, Mwanza mjini: tathmini ya kocha aliyekubali mshahara mdogo

Naanza na bei, kwa sababu bei ndiyo inayotuzuia wengi kupanda zile ngazi. Kusomewa mkataba mmoja wa ajira, kueleweshwa kifungu kwa kifungu na kupendekezewa marekebisho kwa maandishi ni shilingi 80,000. Wakili akikuandikia na barua ya kumpelekea mwajiri, unaongeza 40,000. Risiti ya EFD unapewa hapohapo bila kuomba. Ofisi iko mjini kati, si mbali na Makoroboi, ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya umeme. Jina lake siliandiki kwa sababu mawakili wana miiko yao kuhusu kujitangaza, na mwenye ofisi ameniomba niiheshimu. Mwenye shida aulizie uwanja wa Nyamagana jioni timu zinapomaliza mazoezi, ataelekezwa. Mimi nilielekezwa hivyohivyo.

Mimi ni kocha wa mpira wa miguu wa shule, mwenye leseni ya ukocha ya CAF D. Shule ya binafsi niliyokuwa nikiifundishia ilinisitishia mkataba kabla muda wake haujaisha. Nilikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 ambazo aliyeachishwa kazi anapewa kupeleka malalamiko, na mbele ya msuluhishi tukakubaliana kwamba shule itanilipa shilingi 700,000 kila mwezi mpaka Desemba. Kulikuwa na sharti: nikipata kazi nyingine, malipo hayo "yatapunguzwa kwa kiasi cha mshahara mpya". Nikasaini. Muda si mrefu shule ya sekondari moja ya Sengerema ikanipigia simu, inataka kocha aanze Agosti, mshahara 450,000.

Nyumbani hakuna aliyeunga mkono. Kaka yangu, ambaye anauza vipuri vya pikipiki na hesabu zake huwa hazikosei, aliniambia kocha hashuki, kocha anapanda. Shemeji akauliza watu wa mtaani watasemaje. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari kuwapigia wale wa Sengerema niwaombe wafikishe 600,000, ndipo kocha mwenzangu akanivuta pembeni akasema, usimpigie mtu kabla hujapeleka hizo karatasi kwa wakili.

Wakili ni mama wa makamo, msikivu, haangalii simu ukiwa mbele yake. Alichukua mkataba wa Sengerema, akaupitisha macho mara moja, akauweka mezani. "Kocha, huu ni mmoja. Ule mwingine uko wapi?" Nikamwambia mwingine umeshavunjwa, umebaki makubaliano ya Tume tu. Akasema hayo makubaliano ndiyo mkataba wenye hela, na hawezi kuniambia kama 450,000 ni kidogo au ni nyingi mpaka ayasome. Yangu nilikuwa nayo kwenye bahasha. Akayasoma mara mbili.

Hapo ndipo aliponiingiza kwenye jambo ambalo sikutegemea kulisikia katika ofisi ya wakili mjini Mwanza: makocha wa vyuo vya Marekani, wale wa mpira wa kuvaa helmeti. Anawafuatilia kwa sababu ya kazi. Vyuo vikubwa vingi vya kule ni vya serikali za majimbo, kwa hiyo waandishi wa habari huomba mikataba ya makocha na kuichapisha, na mtu wa sheria aliye popote anaweza kuona kifungu fulani kilivyoandikwa na kilivyokuja kumsaidia au kumwumiza mtu. Huku kwetu mkataba wa kocha unafungiwa kabatini na mhasibu.

Mfano wake wa kwanza ulikuwa Butch Jones. Alikuwa kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Tennessee, akafukuzwa Novemba 2017. Mkataba uliitaka Tennessee imlipe fidia ya zaidi ya dola milioni 8, kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Mwaka uliofuata akaonekana Chuo Kikuu cha Alabama chini ya kocha mkuu Nick Saban, cheo chake mchambuzi, malipo dola 35,000 kwa mwaka. Kocha aliyekuwa analipwa mamilioni anakubali mshahara ambao Marekani ni wa mfanyakazi wa kawaida kabisa. Ukisoma habari hiyo nusu utasema mtu amechanganyikiwa. Ukisoma na nusu ya pili unaona fidia ya Tennessee ilikuwa na kifungu cha kukatwa: chochote ambacho angelipwa kwenye kazi mpya kingepunguzwa kwenye deni la Tennessee. Alabama wangempa laki moja au laki tano, mfukoni mwake jumla ingebaki ileile. Tofauti ni nani anayetoa hela. Kwa mshahara mdogo Alabama walipata kocha mzoefu kwa bei ya mwanafunzi, Tennessee waliendelea kubeba mzigo walioujaza wenyewe, na Jones akakaa kwenye timu inayoshinda huku akingoja nafasi. Desemba 2020 alipata ukocha mkuu tena, Arkansas State.

Halafu akanipa mfano wa kinyume ili nisije nikadhani kila aliyefukuzwa ana kifungu hicho. Jimbo Fisher alifukuzwa Texas A&M Novemba 2023 na fidia yake ilipita dola milioni 75, bila kukatwa hata akipata kazi nyingine. Mtu wa namna hiyo anayo kila sababu ya kugombania mshahara mkubwa kazi inayofuata, kwa sababu kila atakachopata ni nyongeza. Ndiyo maana wakili hakukubali kuangalia mshahara wangu mpya peke yake.

Tukaja kwenye karatasi yangu. Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike tathmini hii, naomba mnivumilie na tarakimu.

Alichora mstari katikati ya karatasi. Kushoto aliandika Sengerema, kulia akaandika ile shule ya zamani. Kushoto 450,000, kulia 250,000, chini 700,000. Akafuta. Kushoto 600,000, kulia 100,000, chini 700,000. Akaniangalia. Ile 150,000 niliyokuwa nataka kuiomba kwa shule ya Sengerema, yenye madawati ya kukarabati na vyoo vya kuchimba, ingekwenda moja kwa moja kuipunguzia mzigo shule iliyonifukuza. Mimi nisingeona hata shilingi yake mpaka Desemba.

Bado hakuwa amemaliza. Akauliza: makubaliano yanasema "mshahara mpya", ni ule ghafi au ule wa mkononi? Nikakaa kimya. Akakokotoa mbele yangu. Kwenye 450,000, NSSF inachukua asilimia 10, yaani 45,000. Inabaki 405,000 ya kutozwa kodi. Ya kwanza 270,000 haitozwi, 135,000 iliyobaki inatozwa asilimia 8, ambayo ni 10,800. Mkononi napokea 394,200. Shule ya zamani ikikata kwa mshahara ghafi itanilipa 250,000 na jumla yangu itakuwa 644,200, si 700,000. Pengo ni 55,800 kila mwezi. Kuanzia Agosti mpaka Desemba ni 279,000, na yote hiyo imejificha kwenye sentensi ambayo watu wanne tuliokuwa kile chumba cha usuluhishi tuliisoma tukaipita.

Aliandika barua fupi ya heshima kwa shule ile, kuomba ithibitishe kwa maandishi kwamba kitakachokatwa ni mshahara baada ya NSSF na kodi, kwa kuwa lengo la makubaliano lilikuwa nibaki na 700,000. Walijibu wakakubali. Hiyo peke yake imelipa gharama yote ya ofisi na chenji ikabaki.

Sasa nilipoelewa ule mchezo wa kushoto na kulia, nikamwuliza kitu ambacho nadhani kila mtu angeuliza: basi si nikawaombe Sengerema waandike mshahara mdogo zaidi, hata laki moja na nusu, halafu Januari wanifidie? Wakili alivua miwani. Hakukasirika, lakini sauti ilibadilika. Alisema sheria yetu haimruhusu anayedai fidia akae tu hasara ikue. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inasema katika kukadiria hasara huangaliwa pia njia zilizokuwepo za kuipunguza. Anayepanga makusudi ili alipwe kidogo anampa mwenzake silaha.

Mfano wake hapo ni Bret Bielema, na huyu ni bora kila kocha amjue. Alifukuzwa ukocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Arkansas Novemba 2017. Mfuko unaoisaidia idara ya michezo ya chuo hicho ulikubali kumlipa mamilioni kwa awamu, kwa sharti kwamba atatafuta kazi kwa bidii. Akaenda timu ya kulipwa ya New England Patriots, kwa kocha Bill Belichick, kwa malipo madogo ukilinganisha na aliyoyazoea. Mwaka 2019 mfuko ukasimamisha malipo, ukisema hakutafuta kazi ya hadhi yake. Mwaka 2020 akawashtaki, nao wakamshtaki kwa upande wao wakitaka warudishiwe walichokwisha kumlipa. Waliyamaliza kwa makubaliano mwaka 2021. Kwa hiyo kazi yenye mshahara mdogo inaweza kuwa uamuzi wa busara kabisa na bado ikakuingiza mahakamani kama huna ushahidi kwamba uliitafuta kwa nia njema. "Ukificha, Kocha, mimi sitaweza kukutetea," alisema, kisha akaniagiza niweke ujumbe wote wa simu na barua za shule nilizoomba kazi, hata zile ambazo hazikunijibu, na nimpelekee mwajiri wa zamani nakala ya mkataba mpya mimi mwenyewe kabla hajauulizia.

Ushauri wake kuhusu Sengerema ulikuwa wa namna nyingine. Mshahara wao 450,000 ulikuwa halisi, ndio wanaoulipa kwa mwalimu wa michezo, basi uachwe hivyo. Nilichotakiwa kuomba ni vitu ambavyo mkato hauvigusi na ambavyo shule inavimudu. Tukaorodhesha: nyumba ya mwalimu ndani ya eneo la shule, mipira na koni na wavu wa magoli kabla ya muhula kuanza, ruhusa na nusu ya ada nikapandishe leseni kwenda CAF C. Na mshahara upitiwe upya Januari, mwaka wa masomo unapoanza, kwa sababu ya kweli: nitaongezewa timu ya wasichana na usimamizi wa bweni. Sababu hiyo iandikwe ndani ya mkataba kwa ukamilifu, anayeusoma aone nyongeza imetokana na kazi. Wale wa Sengerema walikubali vyote isipokuwa nusu ya ada, wakatoa robo. Nimeridhika.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani makocha wa Marekani wanashuka mshahara kwa hesabu tu. Wapo wasio na fidia yoyote nyuma yao na wanashuka vilevile. Chip Kelly ndiye aliyenigusa zaidi. Februari 2024 alikuwa kocha mkuu wa chuo cha UCLA, akilipwa karibu dola milioni 6 kwa mwaka. Hakufukuzwa. Aliondoka mwenyewe kwenda Ohio State kuwa mratibu wa safu ya ushambuliaji kwa dola milioni 2, chini ya kocha mkuu Ryan Day, ambaye zamani alikuwa mchezaji wake kule New Hampshire. Yaani alikwenda kuwa msaidizi wa kijana aliyemfundisha. Miezi michache kabla, kwenye mechi ya mwisho ya msimu, alikuwa amechukua mwenyewe kazi ya kuwafundisha wapiga pasi wa timu, akagundua tena kwamba hicho ndicho anachokipenda. Tangu mwaka 2021, wachezaji wa vyuo waliporuhusiwa kulipwa kwa kutumia majina na picha zao, kocha mkuu amegeuka mchangishaji: asubuhi wafadhili, mchana simu za wachezaji wanaotaka kuhama, jioni wafadhili tena. Kelly alikimbilia uwanjani. Januari 2025 Ohio State ikaifunga Notre Dame 34–23 ikachukua ubingwa wa taifa.

Namwelewa, na naandika hili kwa uchungu. Shule niliyotoka ilinifanya mtu wa matangazo. Jumamosi ambazo wenzangu wako Nyamagana na vijana wao, mimi nilikuwa nimevalishwa fulana ya shule nagawa fomu za kujiunga kwenye maonyesho, napigwa picha na wazazi. Mazoezi yakifutwa hakuna anayeuliza, fomu zisipoisha ninaitwa ofisini. Vijana wangu walikwenda UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya hawajacheza mechi ya kujipima hata moja, wakafungwa na watoto waliofundishwa vizuri, na mimi ndiye niliyesimama pembeni ya uwanja nikiwaangalia wakiinamisha vichwa. Kwa kazi ya kufundisha mpira kila siku saa kumi jioni kwenye nyasi halisi, ningekubali kupunguziwa hata kama Desemba isingekuwepo. Wakili aliliona hilo, akaniambia niliseme waziwazi kwenye barua yangu ya kukubali kazi, kwani ni sababu halali kama nyingine na siku moja inaweza kuhitajika.

Kuna na suala la umbali, ambalo zamani lingeua mpango wote. Mpaka juzi kwenda Sengerema ilikuwa kusubiri kivuko Kigongo, na foleni ikikukuta umepoteza nusu siku. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilometa 3 juu ya maji, unapita bila kushuka kwenye gari. Familia yangu imebaki Mwanza, watoto wanasoma hapa, na Jumamosi baada ya mechi narudi nyumbani mapema. Wakili aliingiza nauli ya mwisho wa wiki kwenye ile hesabu ya kushoto na kulia, jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisahau kabisa.

Sasa kasoro. Simu ya ofisi haipokelewi. Ukipiga asubuhi inaita mpaka ikate, jioni unaambiwa wakili yuko mahakamani. Hakuna utaratibu wa kupangiwa muda, mnakaa kwenye benchi la korido mnapeana zamu wenyewe, na akija mteja wa kiwanja mwenye mafaili matatu, siku yako imekwisha. Mara ya kwanza niliondoka bila kumwona. Ngazi ni kali na hazina mkono wa kushikia. Mzee wangu mmoja, mwalimu mstaafu niliyempeleka baadaye kwa mambo ya mafao, ilibidi apumzike katikati.

Lililonikera zaidi ni lugha. Marekebisho yalitoka kwa Kiingereza cha kisheria, kurasa nzima. Mkuu wa shule wa Sengerema ni mtu makini lakini aliniambia hawezi kusaini asichokielewa sawasawa, na ana haki. Nilirudi kuomba ya Kiswahili. Hawakunitoza, ila ilichukua zaidi ya wiki, na katika wiki hiyo shule ilikaribia kumchukua mtu mwingine. Ofisi inayowaeleza wateja wake kwa Kiswahili kizuri namna ile, mdomoni, inaweza kabisa kuandika hivyo tangu mwanzo. Nimewaambia, na katibu amesema sasa wanauliza mteja anataka lugha gani kabla ya kuanza.

Kwa huduma ya msingi nawapa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja imebaki kwenye benchi la korido.

Ukienda, beba mikataba yote, wa zamani na mpya, na barua ya kuachishwa kama unayo, na hati za malipo za miezi michache ya mwisho, kwa sababu ataziulizia. Kama hujafika Tume bado, nenda Tume kwanza, zile siku 30 hazisubiri foleni ya wakili. Siku nzuri ni Jumamosi kabla ya saa nne, mahakama zimefungwa na yeye yupo. Nakala za karatasi toa mtaani, mle ndani wanatoza 200 kwa ukurasa.